Kahaso na Ugonjwa wa Wazungu

Kahaso Mwaro wa Kilelengwani alilima mpunga kando ya mto, na siku zisizo za shamba alizunguka nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya wa kijiji. Upuuzi hakuuvumilia. Binti yake Christabel alipoanza kuharisha damu, akiwa na miaka tisa, zahanati ilimpa dawa ya amiba. Damu haikukoma, wakampa tena dawa ya amiba. Mara ya sita Kahaso alimwuliza muuguzi kama huyo amiba ana cheo serikalini, maana hafukuziki.

Mtoto alikonda mpaka sare ya shule ikawa inamning'inia.

Mwaka wa pili wahudumu waliitwa kwenye semina Garsen. Afisa aitwaye Dan, shati limenyooka kwa pasi, akawaonyesha ramani ya magonjwa ya watoto. Kuhusu uvimbe sugu wa utumbo alisema ni maradhi ya Wazungu na ya watoto wa matajiri mjini. Tana River hakuna hata mmoja. Kisha akasoma dalili: damu chooni, tumbo kuuma, kukonda, kutorefuka. Kahaso alikuwa amezifua dalili hizo kwenye shuka kila asubuhi.

Akasimama. "Watoto wetu mliwapima kwa kifaa gani, bwana afisa?"

Dan akakiri kwamba kifaa cha kuwapima hakipo kaunti nzima.

"Basi si ugonjwa uliokosekana. Ni macho."

Ukumbi ukacheka. Dan hakucheka, lakini wakati wa chai alimfuata akamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mombasa. Kahaso aliipokea, akaikunja, akaendelea na mandazi yake. Shukrani hakuiona ya nini.

Huko Mombasa daktari wa kike, Asli, alimwingiza Christabel kamera tumboni na kukata kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Utumbo mpana ulijaa vidonda. Alimweleza Kahaso kwamba ameshapokea watoto wengine wa namna hiyo kutoka pwani, wote wamechelewa, wote wameshibishwa dawa za amiba. Ni wangapi kwa jumla, hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna anayehesabu.

Vidonge vilituliza maradhi, ingawa havikuyaondoa. Baada ya miezi minne Christabel alikuwa darasani, anagombania wali na dada zake. Kahaso akatafuta wengine vijijini, akapeleka Mombasa wawili waliokuwa wameharisha damu zaidi ya mwezi. Mmoja alikuwa na amiba kweli, na Kahaso hakulificha hilo. Wa pili alikuwa kama Christabel.

Mwisho wa mwaka aliikuta ripoti ya zahanati. Christabel na yule mtoto wa pili walikuwa wametiwa kwenye "kuharisha". Akaomba kalamu, akaandika chini kabisa: uvimbe sugu wa utumbo, wawili.

Karani alilalamika kwamba fomu imeharibika. Kahaso alimwambia aipeleke hivyo hivyo Hola, makao makuu ya kaunti, kwani huko hawasomi. Ikapelekwa. Mpaka leo hakuna aliyeuliza.