Tuliiacha Bule

Hata leo mutu akinitajia tathmini ya haki za watu, damu inanichemka. Niliiona moja kwa macho yangu, hapa Nchelenge, miaka ile vita iliponivusha ziwa kutoka Kongo na kunifanya mchuuzi wa samaki wakavu.

Kampuni moja ilitaka ardhi ipande miti ya mbegu za mafuta, mafuta ya kuendeshea mashini. Kabla ya kupewa, muzungu akatumwa aje kuuliza kama mradi utaumiza watu. Kiswahili alijifunza pwani, na alivyojivunia! Alipoletewa mkalimani, akasema hamhitaji.

Akaja kwa mama mmoja mjane, ndiye aliyenipa chumba nilipofika mikono mitupu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, alichookota kwetu Wakongomani. Muzungu akanyosha kidole kwenye shamba lililoota majani nyuma ya nyumba. Na hili je?

"Tuliiacha bule," mama akasema. "Ipumuzike. Mwaka inakuya njo tutapanda mihogo."

Kwetu bule ni hivi hivi tu, bila kulima. Yeye akasikia bure ya pwani, kitu cha kugawa. Nilimwona akiandika neno lile, akalipigia mstari, akafunga daftari. Mihogo hakuiandika. Nami nilisimama palepale na beseni langu la samaki, nikanyamaza. Jamani!

Trekta lilikuja kabla ya mvua. Mama akakimbilia ofisini, mimi nyuma yake, na karani akamsomea karatasi: mwenyewe amekubali kuliacha shamba bure.

"Nani alisema?"

"Wewe, mama."

Haki za watu! Wangekuja na mapanga tu, tungejua ni wezi, tungepiga kelele.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, ulikuwa pale. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Ukajua anakosea?"

Nilijua. Sikuwa na kibali cha kukaa nchini, na niliogopa yule mwenye daftari asije akaniuliza habari zangu. Nikamwambia hivyohivyo, karani akisikiliza. Sikujali tena.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliketi kwenye benchi la ofisi, akaniuliza polepole, "Sasa tutakula nini?"

Alisema "tutakula", si "nitakula". Hata saa ile alikuwa bado ananihesabu.