Alhamisi Saa Tisa, Kharumwa

Mmeniuliza sana, kanisani na kisimani, kwa nini niliacha karanga shambani hazijang'olewa nikapanda basi kwenda Kharumwa. Wengine mmesema nilikwenda kumfumania mjukuu wangu. Ni kweli. Ndivyo nilivyoondoka hapa Samuye, sifichi.

Jumatatu ile Masanja alinipigia simu. Huyo ni mume wa Minza, na Minza ni binti wa marehemu mwanangu, nimemlea tangu hajaota meno. Masanja anachimba dhahabu, ana shimo na wenzake huko Nyang'hwale. Salamu yenyewe aliitupa tu.

"Bibi, njoo umchukue mjukuu wako. Kila Alhamisi saa tisa anajifungia chumbani na simu. Ananong'ona, analia. Kuna mwanaume huko. Yeye aondoke, watoto wanabaki kwangu."

Hilo la watoto ndilo lililoniondoa. Kwetu mwanamke akifukuzwa kwa ugoni anatoka mikono mitupu, na watoto atawaona kwa kuomba. Shija ana miaka sita, mdogo wake bado ananyonya. Nikasema nitakwenda nione kwa macho yangu, na kama ni kweli, nitamchapa mimi kwanza.

Jumatano alfajiri nilifunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, nikasimama barabarani. Tinde nilipata basi la Kahama. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekauka, ng'ombe wanakula mabua. Sikuzungumza na mtu. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Minza, na yote yalikuwa makali.

Kahama nilibadilisha gari. Kutoka hapo vumbi ni jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Niliketi na mama mmoja anayepeleka dagaa machimboni. Akaniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa mjukuu, mke wa mchimbaji.

"Mwambie asilie," akasema. "Huko mke wa mchimbaji halii wala hagombani. Nyumba ikiwa na kelele, dhahabu inakimbia."

"Na mume akigombana?"

Akacheka mpaka kikapu kikayumba. "Bibi, mume yuko shimoni. Nani anamsikia?"

Saa kumi jioni nilifika Kharumwa. Minza alikuwa anachota maji. Alipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Shingo kama ya bata?"

Akanitazama. "Umekuja kunifumania?"

"Ndiyo."

"Basi subiri kesho saa tisa. Sasa hivi kuna ugali."

Masanja hakuwapo. Niliuliza analala wapi, Shija akajibu kabla ya mama yake: "Baba analala kazini." Minza akamtuma kuni. Halafu akaniambia bila kuinua macho kwamba kuna mwanamke anayepika chakula kule machimboni, na Masanja yuko naye mwaka wa pili. Minza alikwenda kumpelekea mumewe nguo safi, akakuta kipande cha pili cha doti yake mwenyewe ya khanga kimeanikwa kwenye kamba ya yule mwanamke. Kipande cha kwanza alikuwa amekivaa.

Nilisema tu kwamba ugali umepoa.

Alhamisi saa tisa kasoro alifagia chumba, akaegemeza simu yake ya kupangusa kwenye debe la unga. "Ingia, bibi. Keti kitandani. Ila usiseme."

Mwanaume niliyemfuata safari nzima alikuwa mwanamke. Amevaa miwani, sauti ya taratibu kama mwalimu wa chekechea. Ni mshauri, anazungumza na wanawake waliosalitiwa na waume zao, kila mmoja alipo. Minza alipewa namba na muuguzi wa kliniki ya watoto. Mshauri alimuuliza kwanza kama ameridhia mimi niwepo. Nikashangaa. Mimi kuombewa ruhusa kwa mtoto niliyemfuta kamasi!

Akamuuliza kama amelala wiki hii. Minza akasema usiku wa siku mbili alilala, siku nyingine ile khanga ilimjia mbele ya macho. Akaanza kutetemeka. Mshauri akamwambia: "Weka miguu chini. Taja vitu vitano unavyoviona hapo."

"Debe. Ndoo. Kandambili za Shija. Dirisha." Akanigeukia. "Bibi yangu."

Nikaona ni mchezo wa watoto, lakini mikono yake ilitulia. Uvumilivu ukaniisha.

"Mama," nikamwambia yule kwenye simu, "haya maswali yametosha. Toa hukumu. Akae au aondoke?"

"Shikamoo, bibi. Hukumu sina. Hilo ni lake Minza."

"Mtu mzima gani anaitwa kwenye shauri halafu hana hukumu?"

Minza hakucheka. Akaiambia simu, mimi nikiwa pale pale: "Hilo la khanga nimeanza kulizoea. Lisilopungua ni lingine. Mwaka jana nilipolijua, nilikimbilia kwa bibi na watoto. Kesho yake asubuhi alinipandisha basi kunirudisha. Alisema mwanamke hatoki kwake hovyo. Hakuniuliza kimenitoa nini."

Ni kweli. Niliwaona wamefika na mfuko mmoja, nikawapa chakula, na kabla umande haujakauka tulikuwa barabarani. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Hata nilimsimulia jirani.

Nilitaka kusema nilirudishwa hivyo hivyo na mama yangu, mara mbili. Nikaona hilo si jibu. Nikasema, "Sikuuliza. Nilikosea." Kisha nikatoka nikakaa nje mpaka wamalize, maana saa ile ilikuwa yake.

Ijumaa Masanja alikuja na baba yake mkubwa, mzee mnene mwenye fimbo. Tukakaa uani.

"Huyo mwanaume umemwona?" mzee akaniuliza.

"Nimemwona. Amevaa gauni na hereni."

Mzee akamtazama mtoto wake. Masanja akapandisha sauti: "Hata kama! Anatoa siri za nyumba mtandaoni. Ndiyo maana shimo halitoi kitu tangu mwaka jana. Nataka simu."

"Masanja," nikasema, "kama dhahabu inakimbia machozi, waulize wenzako aliyemliza huyu ni nani. Na kile kipande cha doti kilitembea chenyewe mpaka machimboni?"

Mzee alikohoa, halafu akacheka, halafu akaona aibu ya kucheka. Masanja alichora chini kwa kidole cha mguu. Mzee akaamua: ugoni haupo, Minza akapumzike kwao na watoto, simu ni yake. "Nasi tutakuja Samuye bibi akituita."

"Si mimi," nikasema. "Minza akiita."

"Tangu lini mke anaita kikao?"

"Tangu leo."

Nikamgeukia Minza, nikamuuliza mbele yao kama anataka kuja kwangu. Akasema, "Nataka, bibi. Kama hutanirudisha."

"Sikurudishi."

Jumamosi tuliondoka wanne. Njiani Shija alimaliza michembe iliyobaki, na mama yake akalala kuanzia Kahama mpaka Tinde, mdomo wazi. Sikumwamsha hata mtoto alipolia. Nilimbeba mimi.

Niliyojifunza ni machache. Maisha yangu yote nilidhani mtu mzima kazi yake ni kuamua. Kuuliza nilikuwa naona ni udhaifu. Mwanamke wa kwenye simu, ambaye kwa umri anaweza kuwa mjukuu wangu, anauliza tu, na mtoto wangu ameanza kulala.

Jumapili shemeji yangu alipita nyumbani. Hata hajaketi akauliza, "Shemeji, huyu unamrudisha lini?"

Nikamletea kigoda, nikakiweka mbele ya Minza aliyekuwa anapukuchua karanga.

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikaenda shambani.