Nyumba Isiyosema Karibu

Kule Migato watoto walimwita Bibi Nani, maana ukipiga hodi kwake hukuambiwa karibu. Uliulizwa, "Nani?" Ukitaja jina uliulizwa tena, "Mwana wa nani?" Ndipo mlango ukafunguliwa, upenyo wa jicho moja tu.

Jina lake hasa lilikuwa Milembe. Mwaka ule wa vita ya Uganda alikuwa akipika chai katika ofisi moja ya Bariadi iliyoshughulikia askari wa mgambo. Ndani ya kabati la chuma mlikuwa na jalada lililogongwa muhuri wa SIRI: vijana gani wanapelekwa mpakani, na magari yao yatapita njia ipi. Nyanda, mwanawe wa pekee, alikuwa mmoja wao. Ufunguo wa kabati ulining'inia msumarini ubavuni mwake, kwa kuwa Januarius, karani, alichoka kuutoa mfukoni kila mara.

Asubuhi moja ikavuma kwamba duka la kijiji limeletewa sabuni. Januarius akavaa kofia, akamwita kwa Kisukuma kama mtu amwitavyo mama yake.

"Mayu Milembe, niangalizie ofisi. Narudi sasa hivi."

"Na mgeni akija?"

"Mkaribishe. Sisi sote ni ndugu. Au siku hizi umekuwa polisi?"

Milembe akacheka, akaenda nyuma kuchochea mkaa. Hodi ilipopigwa, aliitika bila kugeuka, kama mama yake alivyomfunza: "Karibu." Kwetu hodi haiachwi ikining'inia.

Alipoingia na birika alimkuta mwanamume mbele ya kabati, jalada wazi mikononi, akisoma kwa utulivu.

"Ndugu, umetoka wapi?"

"Mkoani, mama. Si umenikaribisha mwenyewe?"

Sauti ilikuwa ya upole, na Milembe nusura ammiminie kikombe. Kisha mtu yule akasokomeza jalada ndani ya shati. Milembe akammwagia chai ya moto kifuani. Jalada likaanguka, mtu akaruka dirishani na kupotelea katikati ya watu na ng'ombe wa mnada uliokuwa ng'ambo ya barabara.

Januarius alirudi na sabuni kwapani. Akaokota karatasi, akazipanga, akazifuta chai.

"Hakuna iliyopotea," alisema.

"Lakini alikuwa anasoma. Waambie wakubwa wabadilishe njia."

"Tukisema, tunafungwa wote wawili, mayu. Na wewe ndiye uliyesema karibu."

Milembe akalichukua birika, akarudi kwenye mkaa. Woga ulimfunga mdomo, na woga si udhuru. Karatasi zilirudi kabatini; yale aliyoyasoma yule mtu hayakurudi.

Nyanda aliondoka na wenzake kwa njia ile ile. Hakurejea. Askari mmoja aliyerudi alisema gari lilipinduka kwenye tope. Mwingine alisema walikuta adui akiwasubiri. Milembe aliwauliza wote wawili, "Adui alikuwa akiwasubiri nyinyi hasa, au yeyote apitaye?" Hakuna aliyejua. Swali hilo likahamia nyumbani kwake, likala naye, likalala naye.

Baada ya matanga Januarius alifika Migato.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mayu. Januarius. Nimekuja kukupa pole."

Mlango haukufunguka. Alingoja mpaka jua likamchoma shingo. Kisha sauti ikatoka ndani, haina hasira wala machozi:

"Karibu yangu niliitoa siku ile. Sina nyingine."

Akaweka kizingitini mche wa sabuni aliokuwa amemletea, akaondoka. Hakuna aliyeuokota. Mvua zilipoanza ziliuyeyusha pale pale, povu likitambaa taratibu chini ya mlango, likiingia ndani bila hodi.