Hatushuki Shimoni Bila Mkataba

Kila mwaka, tukishapura alizeti na mtama umeingia ghalani, gari la watafiti lilipita Kinyangiri likipanda kwenye mapango ya mawe yaliyo juu ya kijiji chetu. Walikuja kuchimba mabaki ya watu wa kale. Wenye kushika sururu, mwiko na chekeche tulikuwa sisi wa kijijini. Mimi nilikuwa kwenye chekeche: naletewa ndoo ya udongo kutoka shimoni, namimina, natikisa, naokota kinachobaki juu. Vipande vya mawe yaliyochongwa, mifupa, mara mojamoja ushanga mdogo wa ganda la yai la mbuni. Niliipenda ile kazi. Nasema mapema, kwa sababu baadaye walitokea watu waliosema tuligoma kwa kuwa hatujui thamani yake.

Walituita vibarua. Umekuja, unalipwa siku yako. Hukuja, hulipwi, hata kama kilichokulaza ni kifua kilichojaa vumbi la kazi hiyohiyo. Hapakuwa na karatasi yenye sahihi yangu wala yao. Nilikuwa nimefanya misimu mingi, na kila msimu nilianza upya kama mtu aliyeokotwa njiani.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mchimbaji. Asubuhi ile alitoka shimoni akamfuata msimamizi, kijana msomi kutoka Dar es Salaam aliyetuongoza mkuu wa utafiti anapokuwa hayupo.

"Mwanangu, ukuta wa upande wa mlima unamwaga udongo," alimwambia. "Tuuegemeze mbao kwanza."

"Mama, msimu unaisha," alijibu. "Tumalize tabaka hili, kesho tutaangalia."

Wifi akaguna, akashuka tena.

Ukuta ulianguka kabla ya chai. Hapakuwa na kishindo kikubwa, ilisikika kama gunia limetupwa chini. Nilipofika ukingoni, wifi alikuwa amefukiwa mpaka kiunoni, uso mweupe kwa vumbi, anatafuta pumzi. Tuliruka ndani tukachimba kwa mikono. Msimamizi alisimama juu akirudia, "Msikate kamba, jamani, msikate kamba," maana shimo lilikuwa limegawanywa kwa kamba zilizopimwa. Nadhani hakujua anasema nini. Mimi nilizikata zote.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Tulivunja fremu ya chekeche, tukaufunga kwa mbao zake na kanga yangu. Gari lilikuwa limeshapakiwa masanduku ya mifupa ya kwenda mjini, kila kipande kimezungushiwa pamba, na msimamizi alitaka kwanza ampigie mkuu simu aombe ruhusa ya kuyashusha. Pale juu mtandao haukushika. Dereva hakungoja. Aliyateremsha masanduku moja baada ya lingine, akayapanga kivulini, akasema, "Mleteni mama." Mtu yule namheshimu mpaka leo.

Hospitali ya misheni walimpokea, lakini matibabu yalitaka malipo, na mume wangu akauza dume la ng'ombe tulilokuwa tunalimia.

Kesho yake nilipanda mlimani nikijua tutaanza na habari za mgonjwa. Nilimkuta jirani yetu, mwanamke mwenye watoto wadogo, amekabidhiwa sururu ya wifi. Sikumlaumu, alikuwa ameitwa. Mkuu wa utafiti naye alikuwa amefika, profesa mtu mzima mwenye sauti ya upole. Alitupa pole, akasema ajali haina kinga, na kazi iendelee.

Sikuwa nimepanga chochote. Niliweka chekeche chini, nikakaa juu ya lundo la udongo. Yule jirani alinitazama, akatoka shimoni, akaja kukaa kando yangu na sururu mapajani. Wengine wakafuata mpaka shimo likabaki tupu.

"Shikamoo, profesa," nilianza, maana kugoma hakumwondolei mtu adabu.

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Mgonjwa wetu anatibiwa kwa fedha ya nani?"

"Mama, naumia kama mnavyoumia ninyi. Lakini bajeti ya mradi haina kifungu cha matibabu ya vibarua. Ninyi mnalipwa kwa siku."

"Ile kamera iliyoanguka msimu uliopita ilitengenezwa kwa fedha ya nani?"

Aliyejibu ni msimamizi, tena akiangalia viatu vyake. "Ilikuwa na bima."

"Basi mtuandike kama kamera."

Baadhi walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona ule uso wa wifi wenye vumbi.

Profesa alisema vijiji ni vingi na wanaotaka kazi hawakosekani. Jirani yangu akamjibu, "Waiteni. Sisi tuko hapahapa, wakija tutawaeleza." Kisha tukalifunika shimo kwa turubai na kulizungushia mawe lisipeperuke, kwa sababu shimo halikuwa limetukosea.

Jioni mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kumwambia mume wangu anidhibiti, wageni wasije wakaondoka na riziki ya kijiji. Mume wangu alikuwa anafunga mbuzi. Alisema, "Huyo hapo, mzee wangu, mwambie mwenyewe." Mzee alikunywa maji, akaaga.

Nilipanda basi kwenda Singida mjini, nikaulizia mpaka nikaifikia ofisi ya afisa kazi. Nilitegemea kufukuzwa. Alinipa kiti akaniuliza: nani anakupangia saa ya kufika, nani anakuonyesha pa kuchimba, vifaa ni vya nani. Nikamjibu.

"Basi umeajiriwa," alisema. "Jina la kibarua haliondoi hilo. Na aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kufidiwa. Usiende kuomba msaada. Nenda ukadai."

Alimpigia profesa simu mbele yangu. Sikusikia upande wa pili, lakini sauti ya afisa haikupanda wala kushuka.

Tulikaa juu ya ule udongo siku kadhaa zaidi. Watu waliogopa, na wawili walirudi mashambani. Mwishowe profesa alikuja na karatasi, akasoma kila kifungu kwa sauti, nasi tukamsimamisha kila tulipokuwa hatujaelewa. Gharama za hospitali zingerudishwa. Wifi angelipwa kwa muda wote wa kuugua, na madai yake ya fidia yangepelekwa panapohusika. Kila mfanyakazi angepata mkataba, siku ya mapumziko yenye malipo, na kitambaa cha kuzuia vumbi. Hakuna ambaye angeshuka kwenye shimo refu lisiloegemezwa mbao. Misimu ya nyuma hawakukubali kuigusa, na hilo bado linaniuma. Wifi alipona akiwa anachechemea, na hawezi tena kulima kutwa nzima. Fidia ilikuja, ikiwa imechelewa.

Msimu uliofuata sikuitwa. Wenzangu waliletewa ujumbe, mimi nikarukwa. Nilijua sababu, na nikaona nikikaa nyumbani nitakuwa nimeikubali. Nilipanda. Wifi alikataa kubaki, akaja na fimbo yake polepole.

"Mama, jina lako halipo," msimamizi aliniambia.

"Najua. Nimekuja kuangalia mbao."

Nilizunguka shimo nikizisukuma mbao kwa mguu. Zilikuwepo, zimekazwa vizuri. Nilipogeuka, niliona hakuna aliyechukua kifaa. Jirani yetu alikuwa amekaa mahali palepale alipokaa mwaka uliotangulia, na wengine wamemzunguka, wanapiga soga za mavuno kana kwamba wako gulioni. Msimamizi aliwatazama, akanitazama. Halafu akachukua karatasi ya mkataba, akaniuliza kama kitambulisho changu ninacho. Nilikuwa nacho, nimekifunga kwenye pindo la kanga.

Asubuhi hiyo walikuwepo wanawake wapya, na kabla hawajagusa sururu niliwaita pembeni na karatasi ya mkataba, nikawasomea na kuwaeleza kwa Kinyiramba, lugha yetu. Msimamizi akasogea, akataka kujua nawaambia nini.

Nikamjibu kwa Kiswahili, asipotewe na neno. "Nawaambia wasome kwanza, wasaini, ndipo washuke."

"Kazi itachelewa, mama."

"Itachelewa," nikasema, nikaendelea kuwasomea.