Mtambo wa Juu ya Paa, Chanika

Nilipoanza ufundi wa mitandao, hukuweza kujua hali ya mtambo mpaka uufuate ulipo. Mmoja ulifungwa juu ya paa la mama mjane kule Chanika. Kila wiki nilipanda kuangalia taa zake, na nikishuka nakuta chai na mihogo ya kuchemsha.

Kisha tukaletewa mfumo mpya. Kompyuta ya ofisini Mwenge ikawa inauliza kila mtambo, "Uko salama?" na mtambo unajibu. Miaka ikapita, hata kuuliza kukapungua; mitambo ikawa inatuma habari zake yenyewe. Sikuwa tena na safari ya Chanika.

Siku moja yule mama akapiga simu. "Mwanangu, huku mtandao umekatika."

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijani, lakini nikaenda. Nilimkuta barazani, amevaa khanga mpya, pilau imeshapakuliwa.

"Shikamoo mama. Mbona mtandao upo?"

"Marahaba. Najua upo. Nilidhani nimewaudhi, ndiyo maana hamji."

Moyo uliniuma. Nikamweleza kwamba siku hizi mtambo wenyewe unatuambia hali yake. Akacheka kidogo.

"Na hali yangu mie, nani atawaambia?"

Nilikaa naye hadi alasiri. Bosi aliponiuliza tatizo lilikuwa nini, nilimwambia ukweli. Akaguna, kisha akaniruhusu niwe napita kwa mama kila mwezi, eti kuufuta mtambo vumbi.