Sifuri Aliyoiruka Mwalimu Moli

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Moli kwa sababu hakuna swali la kemia alilolianza bila kuuliza, "Haya, moli ngapi?" Miaka ishirini na saba alifundisha katika maabara ile ile, meza zimechubuliwa na asidi, mabomba sita na linalotoa maji moja. Waliopita mikononi mwake walifaulu. Naye alilijua hilo, kichwa kikamvimba kidogo.

Mwaka mmoja, akiwanoa kidato cha nne kwa mtihani, aliandika swali ubaoni: gramu 0.23 za spiriti zimeungua na kupasha gramu 200 za maji kwa nyuzi saba. Moli moja ingetoa joto kiasi gani? Alinakili jibu kutoka daftari lake kuukuu: kilojuli 117.6.

Binti wa dobi, aliyekaa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimepata 1176. Kwenye moli pale, naona sifuri moja imerukwa."

Mwalimu hata hakugeuka kuutazama ubao. "Daftari hili limekuzidi umri. Kaa chini, profesa."

Darasa likaangua kicheko. Jina likamganda yule binti kama kupe. Akitaka kusema lolote, mtu anapiga makofi: "Kimya jamani, Profesa anaongea!"

Wakati wa mapumziko, ofisini, mwalimu alirudia hesabu nyuma ya bahasha. 0.23 gawanya kwa 46, uzito wa moli moja ya spiriti. Sifuri nukta sifuri sifuri tano. Chai ikamshinda kunywa. Kutoka pale hadi darasani hazikuzidi hatua arobaini, lakini hakwenda. Alingoja siku mbili, akasahihisha ubaoni huku akichekacheka.

"Nilikuwa nawapima tu, nione nani yuko macho."

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Yeye alinakili jibu, kichwa chini, na mkono wake haukuonekana juu tena hadi walipomaliza shule. Kemia aliifaulu vizuri sana. Hata hivyo, kwenye fomu ya kuendelea na masomo alijaza historia. Fomu zilipitia kwa Mwalimu Moli. Aliishika ile fomu kitambo, kalamu hewani, akijua kabisa kwamba angeweza kumwita wakazungumza. Akatia saini.

Alipokwisha kustaafu, mkewe alimtuma rangi ya ukuta. Dukani, mama mmoja mwenye aproni iliyotapakaa rangi alikuwa akipima rangi kwa kikombe, tone kwa tone, bila kutazama karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alimtambua kwa sauti yake. Maneno aliyoyabeba miaka kumi na minane yakamtoka ovyo. "Lile swali la spiriti... ulikuwa sahihi, mwanangu. Nilijua siku ile ile. Nisamehe."

Mama yule alifunika kopo, akaligonga kwa kiganja.

"Swali silikumbuki, mwalimu. Nakumbuka walivyocheka." Kisha akatabasamu kwa adabu. "Yamepita hayo."

"Una watoto?"

"Ninaye mmoja, yuko kidato cha tatu. Kemia ndiyo ugonjwa wake, anaipenda mno."

"Mlete nyumbani. Nitamfundisha bure, kila Jumamosi."

"Asante sana, mwalimu," alisema, akimsogezea kopo. "Lakini huwa tunaifanya wenyewe, mimi na yeye."

Mwalimu alilibeba kopo hadi nyumbani kwa miguu. Mkewe alipomuuliza mbona amechelewa, alisema duka lilikuwa na foleni.