Bahasha Ambayo Sikuifungua

Mwaka mmoja baada ya uhuru nilichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya chama chetu cha wauguzi na wakunga. Kilikuwa chama kidogo, hakina ofisi wala mfanyakazi, lakini neno lake lilikuwa na uzito. Wazungu waliokuwa wakisimamia kazi yetu walikuwa wanafunga masanduku yao, na serikali mpya ilitaka kujua nani kati yetu apewe wadi, nani apelekwe masomoni, nani asiaminiwe tena na wagonjwa. Mkubwa wa afya alituuliza sisi. Tukisema fulani hafai, alikubali tu.

Tulikuwa saba: wanaume sita na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi wa wadi ya akina mama mjini Kakamega, na nilijua kwa nini nimechaguliwa. Walitaka angalau mwanamke mmoja, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Sikujali. Nilishona gauni la samawati la kuvaa mikutanoni. Manesi wenzangu walianza kuniita mheshimiwa kwa utani, nami nikawa nawakataza kwa mdomo tu. Kwenye sherehe za mjini nilitengewa kiti mstari wa pili, nyuma ya wake za wakubwa. Lazima niseme ukweli: nilikipenda kile kiti kuliko kazi iliyokuja nacho.

Kazi yenyewe ilikuja kwenye bahasha ya kaki. Wiki moja kabla ya kila mkutano, katibu alituma kwa kila mjumbe karatasi za mambo yatakayojadiliwa, ili tufike tukiwa tumesoma. Mwanzoni nilizisoma zote, hata nikazipigia mistari. Kisha nikagundua kwamba mwenyekiti hueleza kila jambo kwa kifupi kabla ya kura, na kwamba mtu akitingisha kichwa mahali panapofaa, hakuna anayemuuliza amesoma nini.

Bahasha ninayotaka kusimulia habari yake ilifika siku ya Jumanne. Niliiweka mezani nyumbani kwangu, mtaa wa Shirere, juu ya vitambaa vyangu vya kushona, nikasema nitaifungua kesho. Kesho yake nilikuwa na zamu. Keshokutwa wageni walikuja. Jumamosi niliamka nikapiga pasi gauni langu, nikaenda mkutanoni, na bahasha ikabaki pale mezani.

Siku hiyo tulikuwa na shtaka moja tu. Mshtakiwa alikuwa mkunga wa dispensari ndogo upande wa Kabras, mwanamke wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Nilimfahamu. Nilipokuwa mwanafunzi ndiye aliyesimama nyuma yangu mara ya kwanza nilipomzalisha mama, na mikono yangu ilipotetemeka alinishika viganja akaniambia, "Usiharakishe, mdogo wangu. Mtoto anajua njia." Tangu hapo nilimwita dada.

Mashtaka yaliandikwa na msimamizi wa dispensari yake. Alisema kwamba siku moja ya mvua kubwa mama mwenye uchungu aliletwa hapo, akakuta chumba cha kuzalia kimefungwa kwa kufuli na mkunga hayupo. Alijifungulia barazani, kwenye saruji yenye maji. Mtoto hakuishi.

Mwenyekiti wetu, mzee mwenye sauti ya taratibu aliyefanya kazi ya udresa, ya kusafisha na kufunga vidonda, maisha yake yote, alimwita dada ndani na kumuuliza kama ana la kusema.

"Yote niliyo nayo nimeyaandika, Bwana Mwenyekiti," alijibu. "Yamo kwenye karatasi zenu."

Alinitazama mimi. Nami nikatingisha kichwa, kama mtu anayesema, ndiyo, tumeyaona. Akatoka kungoja nje.

"Wote mmesoma?" mwenyekiti aliuliza.

"Tumesoma," tukajibu.

Aligeuza karatasi zake. "Mmesoma zote?"

"Tumesoma."

Mjumbe mmoja alisema mtoto amekufa na wananchi wamekasirika, na kwamba nchi mpya haiwezi kuanza na wakunga wanaofunga milango. Maneno hayo yalinipendeza. Kura ikapigwa. Mikono saba ikainuka, na wangu haukuwa wa mwisho. Tukaandika kwamba chama hakimtambui tena. Kabla ya mwezi kwisha, alikuwa ameachishwa kazi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta karatasi ngumu ya kukatia mfano wa kola. Nilichukua bahasha ile, nikaichana upande, na karatasi tatu zikatoka. Ya kwanza ilikuwa ya msimamizi, maneno yale yale tuliyoelezwa. Ya pili ilikuwa ya dada. Aliandika kwamba asubuhi ile aliitwa ng'ambo ya mto kwa mama aliyekuwa akivuja damu, na kwamba kabla ya kuondoka alimkabidhi msimamizi ufunguo, mkononi, akamwambia asitoke. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, akashindwa kurudi hadi jioni. Ya tatu ilikuwa barua fupi ya penseli kutoka kwa mume wa yule mama wa ng'ambo. Alisema mke wake yu hai kwa sababu ya mkunga. Alisema pia kwamba alipokwenda kumwita, yeye mwenyewe aliona ufunguo ukitoka mkononi mwa mkunga ukiingia mfukoni mwa msimamizi.

Nilisoma nimesimama. Nikakaa, nikasoma tena. Ufunguo ulikuwa kwa mshtaki mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza siku hiyo alikuwa wapi. Robo saa tu ya kusoma ingetosha.

Laiti ningeweza kusema kwamba nilivaa viatu nikakimbia kwa mwenyekiti. Sikufanya hivyo. Nilizirudisha karatasi ndani ya bahasha na kuiweka chini ya godoro. Ili kumtetea dada nilipaswa kwanza kusema kwamba nilidanganya mbele ya watu, mara mbili, na kila nilipojaribu kuyapanga maneno hayo kichwani niliona kile kiti cha mstari wa pili kikiwa kitupu. Mkutano uliofuata nilikwenda, nikakaa, nikajadili mambo ya sare za wauguzi. Kuhusu dada sikufungua mdomo.

Aliyenifungua mdomo ni mgonjwa. Mama mmoja kijana aliletwa wadini kwetu kutoka Kabras juu ya baiskeli, mumewe akisukuma njia nzima, na alifika akiwa hoi. Alipona, lakini ilikuwa bahati. Nilipokuwa nikimwosha nilimuuliza kwa nini walikawia namna ile.

"Kwetu kulikuwanga na mkunga, sista," alisema. "Wakubwa wa mjini walimwondoa. Hatujui alifanya nini."

Niliendelea kumwosha mgongo. Sikuweza kumwambia kwamba mmoja wa wakubwa hao ndiye aliyeshika sabuni.

Mkutano uliofuata niliomba kusema kabla ya jambo lolote. Nilisimama nikiwa na bahasha mkononi. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, siku ile tulipompigia kura mkunga wa Kabras, nilisema nimesoma. Sikuwa nimesoma. Bahasha ilikuwa bado imefungwa." Kisha nikawasomea barua ya penseli kwa sauti.

Mjumbe mzee kuliko wote, aliyekaa karibu na dirisha, akakohoa. "Hata mimi sikusoma," alisema. "Mimi sisomangi hizi karatasi. Macho yangu yamechoka, na naona aibu kusema." Mwingine akasema alisoma ukurasa wa kwanza tu. Wa nne aliinamisha kichwa.

Nikamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, mzee?"

"Nilisoma," alijibu. "Ndiyo maana niliuliza mara mbili. Nilingoja mmoja wenu aseme kitu. Mlipoinua mikono nikadhani mmeona jambo ambalo mimi sikuliona, nami nikainua wangu." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ningesema. Mimi ndiye niliyepaswa kusema."

Tuliifuta kura ile siku hiyo hiyo, tukaandika barua mbili: moja kwa mkubwa wa afya, nyingine kwa dada, ya kumwomba radhi na kumrudisha chamani. Vilevile tuliamua kwamba kuanzia hapo kila karatasi itasomwa kwa sauti mkutanoni kabla ya kura. Msimamizi naye aliitwa ajieleze, akahamishwa.

Barua ya dada niliomba kuipeleka mwenyewe. Nafasi yake Kabras ilikuwa imeshachukuliwa, na yeye alikuwa amemfuata mumewe Lugari, walikopata kipande cha ardhi kwenye shamba lililokuwa la Mzungu. Nilimkuta kwenye mahindi, ameshika jembe, amekonda.

"Mulembe, dada," nilimwamkia.

"Mulembe," aliitikia, akaweka jembe chini akanikumbatia, jambo ambalo sikulitegemea. Alinipikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za majani, na hakuniuliza nimefuata nini hadi nilipokwisha kula. Ndipo nikamweleza yote: bahasha, vitambaa, gauni, na miezi niliyokaa kimya. Sikujipunguzia chochote.

Alisikiliza akiwa ametazama mikono yake.

"Niliposikia kwamba nyote saba mmekubaliana," alisema, "nilijiuliza, hata mdogo wangu? Basi lazima nilikosea. Wewe unaijua kazi hii, na barua yangu umeisoma. Nikaanza kuihesabu siku ile upya. Labda ufunguo sikuutoa. Labda niliota tu. Nilifika mahali nikaamini kwamba yule mtoto nilimuua mimi."

Nilitoa barua ya chama nikamnyooshea.

"Utarudi kazini?" nilimuuliza. "Mkubwa wa afya amekubali kukutafutia dispensari nyingine."

"Hapana. Mikono yangu imeanza kutetemeka." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akaipokea barua, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake bila kuisoma. "Nitamsomea baba watoto akirudi."

Alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia nirudi wakati wa mavuno, anifungie mahindi ya kupeleka mjini. Niliahidi nitakuja.

Nilibaki kwenye halmashauri miaka mingi baada ya hapo, na watu husema nilikuwa mjumbe mwangalifu kupita wote, msumbufu hata, wa kudai kila ukurasa usomwe. Wakinisifu huwa natazama pembeni. Mavuno yale yalifika, na mengine, na mengine. Lugari sikurudi tena.